Tamko Juu ya Mchua Misuli wa Urzedo

Urzedo, 8 Februari 1999

Kwa Bwana Valdemar Sarmento Pires,
Kocha wa Kandanda,
Porto Salgueiro.

Ndugu yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima na za undugu. Nimelitanguliza jina lako kamili pamoja na cheo chako kwa kuwa jambo linalonifanya nikuandikie ni la kiofisi, na jambo la kiofisi halifunguliwi kwa mzaha. Ninakuomba uniandikie, kwa mkono wako na kwa sahihi yako, tamko la kweli juu ya kazi niliyoifanya katika klabu yetu ya Desportivo de Urzedo kuanzia mwaka 1989 hadi mwaka 1994, miaka ambayo karatasi ya mchezo ilikutaja wewe kuwa kocha.

Kabla ya maelezo, hali yako. Je, goti la kulia linakuachia usingizi? Picha yako niliiona gazetini kwa kinyozi. Ama umekonda, ama koti lile si lako. Mimi ni mzima. Baridi ya mwaka huu imenipasulia mapipa mawili niliyoyaacha na maji ndani, kosa ambalo fundi mapipa wa umri wangu hapaswi kulifanya. Nguruwe sikumchinja. Kazi ile, kama ujuavyo, hudai wanaume wanne wa kushika na mmoja wa kisu, na katika mtaa wetu wa juu tumesalia wanaume wawili, nami ndiye kijana. Nilimuuza akiwa hai. Soseji za mwaka huu nimezinunua dukani, nazo zina ladha ya duka.

Sasa jambo lenyewe. Chama cha Mpira cha mkoa kimetangaza kozi ya ukocha ya majira ya joto. Kwa kawaida kozi hiyo hudai cheti cha darasa la tisa, ilhali mimi, baada ya darasa la nne, shule yangu ilikuwa kamusi na magazeti ya zamani. Lakini safari hii kuna kifungu kipya: mtu aliyefanya kazi misimu mitano chini ya kocha mmoja mwenye diploma anaweza kupokewa bila cheti cha shule, mradi kocha huyo athibitishe kwa maandishi ni kazi gani hasa aliyoifanya. Aliyetimiza miaka hamsini na mitano hapokewi. Mimi nitaitimiza mwezi Septemba. Aidha, kuanzia msimu ujao hata mchua misuli atadaiwa cheti chake. Maana yake ni kwamba, nisipoipata kozi hii, Jumapili zangu zote zilizobaki zitakuwa nyuma ya uzio.

Yanayofuata unayajua. Nayaandika kwa sababu tamko hujengwa juu ya maelezo.

Wewe ulikuwa na diploma, mimi sikuwa nayo. Kwa hiyo karatasi ilisema: kocha, Valdemar Pires, mchua misuli, Belarmino Pires. Lakini mazoezi ya Jumanne na Alhamisi niliyaendesha mimi. Kikosi nilikipanga mimi, jikoni kwa marehemu mama, kwa maharage meupe dhidi ya maharage mekundu. Siku ya mchezo wewe ulisimama mstarini nami nikaketi nyuma yako, ncha ya koti lako mkononi mwangu. Mvuto mmoja, mabeki wapande. Mivuto miwili, mabadiliko. Na kwa kuwa mchua misuli ndiye peke yake anayeruhusiwa kuingia uwanjani mtu akianguka, wachezaji wetu walijifunza kuanguka kila walipoona nimeiweka ndoo juu ya goti. Niliingia na sponji, nikapiga magoti, nikasema la kusema, nikatoka. Watu wa Pinhal da Torre walikuwa wakitupigia kelele, "Haya, angukeni tena! Mifupa ya mayai nyie!" Pamoja na hayo tulipanda daraja mara mbili.

Tangu uondoke nimelikalia benchi lile lile chini ya majina mawili mengine, la mwalimu na la mkwe wa daktari. Diploma zao ni halali, ila hakuna aliyefikisha misimu mitano. Wewe ndiye peke yako unayeweza kuniandikia.

Fomu nimeiambatanisha. Sehemu ya tatu ina mistari kumi na miwili iliyoachwa wazi, nayo inatosha kwa ukweli. Inapaswa kufika mezani kwa Chama kabla ya Ijumaa, tarehe 25 Juni, saa sita mchana.

Ninangoja jibu lako kwa subira.

Kaka yako,
Belarmino

*

Porto Salgueiro, 2 Machi 1999

Shikamoo kaka,

Huyo "Bwana Valdemar Sarmento Pires" ni nani? Nilipoiona bahasha nilijua mahakama imenipata. Nikasema, mungu wangu, nimefanya nini tena. Kumbe ni wewe na kamusi yako.

Mimi sijambo. Goti ni lile lile, mvua ikitaka kunyesha linaniambia kabla ya redio. Nimepanga chumba juu ya duka la samaki. Asubuhi nanuka dagaa hata kabla sijafungua macho. Odete na binti zetu wamebaki Lisbon. Tunaongea kwa simu kila Jumatano, mara nyingi kuhusu bomba la jikoni. Na koti lile la gazetini ni langu kaka, ni mimi ndiye nimepungua.

Timu yangu ni ya pili kutoka mkiani. Jumapili iliyopita jamaa mmoja nyuma yangu alinitukana dakika tisini bila kunywa maji. "We mzee wa milimani! Rudi ukachunge mbuzi! Hata mbuzi watakufunga!" Watu wakacheka. Nilikaribia kucheka na mimi.

Nakwambia kitu. Dakika ya sabini, tumefungwa moja, kiungo wao amechoka, nikasimama pale mstarini nikingoja. Sikujua nangoja nini. Baadaye chumbani ndipo nikajua: nangoja mtu anivute koti. Miaka mitano sasa, na mgongo wangu bado unangoja.

Na kabla ya hapo, zile barua. Miaka kumi na nne nilicheza beki wa kati nikiwa na barua yako ya Alhamisi ndani ya soksi. Mimi nakuandikia Jumatatu nani nitamkaba, wewe unakwenda kwa kinyozi kumsoma gazetini, na Alhamisi jibu linafika. Kuna yule mfupi aliyenisumbua sana, wewe hujawahi kumwona hata kwa picha. Ukaniandikia, "Akichoka hugeukia kulia. Mwache achoke." Akageukia kulia. Watu wakasema Valdemar ana macho ya mwewe.

Fomu nimeijaza, iko humu. Nimeandika kwamba ulikuwa mchua misuli hodari, mwaminifu, na msaada mkubwa kwa kocha. Zaidi ya hapo siwezi, kaka. Usinikasirikie. Nikiandika kwamba kikosi ulikuwa unapanga wewe, basi mimi nilikuwa nani? Magazeti ya huku yananitafuta kila siku. Wakilipata hilo, wataning'oa kabla ya Pasaka.

Ila nina wazo. Mtunza vifaa wetu anastaafu. Njoo huku. Chumba kipo, samaki wapo. Utakaa benchi nyuma yangu kama zamani, na hakuna atakayejua. Utakuja?

Mdogo wako,
Valdemar

*

Urzedo, 21 Machi 1999

Ndugu yangu mpendwa,

Barua yako nimeipokea, na kwa habari ya goti nimehuzunika. Jaribu mafuta ya zeituni yaliyopashwa moto na kitunguu saumu. Usiyaweke yakiwa ya moto sana. Mimi ni mzima, isipokuwa kikohozi, ambacho ni cha msimu na kitaondoka na msimu.

Fomu uliyoijaza ninakurudishia. Sikuichana. Kila neno uliloliandika ni la kweli, na yote kwa pamoja si kweli. Sijui jina la kitu cha namna hiyo, na kamusi haikunisaidia. Nimeambatanisha fomu nyingine tupu, kwa kuwa niliomba mbili tangu mwanzo.

Kuhusu kazi ya mtunza vifaa, nakushukuru kwa moyo wote, na ninakataa. Unanialika nikae nyuma yako na asijue mtu. Hapo ndipo ninapojaribu kutoka.

Leo ni Jumapili, na ninaona vema nikueleze yaliyotokea ili usidhani naomba jambo la fahari. Tulicheza na Pinhal da Torre hapa nyumbani. Mwalimu, ambaye sasa ndiye jina letu, alivaa koti la ngozi nene. Nilivuta mara moja, hakuhisi. Nikavuta tena, hakuhisi. Washambuliaji wao wawili walikuwa wamesimama peke yao kama watu wanaongoja basi. Nikainuka nikapaza sauti, "Pandeni! Pandeni, waacheni waotee!"

Kamisaa wa mchezo akaja na karatasi yake mkononi.

"Mzee, wewe hapa umeandikwa nani?"

"Mchua misuli."

"Na mchua misuli anapanga mabeki?"

"Mabeki nao wana misuli, bwana."

Benchi zima lilicheka. Yeye hakucheka. Alinionesha lango kwa kalamu. Nilibeba ndoo yangu, nikatoka, nikaenda kusimama nyuma ya uzio upande wa wageni, kwa kuwa upande wetu hakukuwa na mtu wa kusimama naye. Mvua ilikuwa imeanza.

"Karibu, daktari wa ndoo!" watu wa Pinhal wakapiga kelele. "Leo utamwogesha nani?" Mwanamke mmoja wa makamo, ambaye mwaka jana alinirushia ganda la chungwa, alisogeza mwavuli wake. "Ingia, ingia. Adui naye hulowa." Nilitazama kipindi chote cha pili chini ya mwavuli wake. Tulifungwa mawili. Kila bao lilipoingia alinipa pole, kisha akashangilia.

Mchezo ulipokwisha, vijana wetu waliingia magarini. Hakuna hata mmoja anayelala Urzedo sasa. Wanakuja kwa mchezo na kuondoka kwa mchezo, wawili wanatoka ng'ambo ya mpaka. Nilifunga lango la uwanja. Nyumbani nilipanga maharage mezani, meupe yetu na mekundu yao, nikarekebisha yale yaliyoharibika, na timu yangu ikapata sare ya haki. Kisha nikaiosha timu yote, nikaitia chunguni pamoja na kabichi, nikaila. Ilitosha kwa siku mbili.

Umeuliza: nikiandika ukweli, mimi nilikuwa nani? Ninakujibu kwa heshima: ulikuwa ndugu yangu aliyenikopesha jina lake, na lilikuwa jina zuri. Mwaka 1971 yule msaka wachezaji wa Lisbon alikuja kuniangalia mimi, akaondoka na wewe kwa sababu ya kimo chako. Sikulalamika siku hiyo wala baadaye. Sasa ninaomba Jumapili chache tu, nikiwa nimesimama wima, kabla miguu haijakataa. Jaza fomu ya pili. Andika ilivyokuwa, yote.

Kaka yako,
Belarmino

*

Porto Salgueiro, 30 Mei 1999

Kaka Belarmino,

Salamu. Sijambo, na wewe natumaini kikohozi kimekwisha.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa sina la kusema, halafu nikawa nalo na likawa linaniogopesha. Pasaka haikunikuta kazini. Walinifukuza Jumanne, asubuhi, kwenye korido, rais wa klabu amesimama mlango nusu wazi kama mtu anayemfukuza muuza brashi. Bado nalala juu ya duka la samaki. Odete amesema nisije kwanza mpaka wasichana wamalize mitihani. Mitihani imekwisha wiki iliyopita. Sijampigia.

Umeniambia niandike yote. Nimeisoma hiyo "yote" mara nyingi sana, kaka. Miaka yote uliniambia cha kufanya nikafanya. Uwanjani tukiwa vijana ulikuwa unaita nyuma yangu, "Kushoto, Valdemar! Ruka! Acha!" Nilipohama, uliita kwa posta. Nilipokuwa kocha, uliita kwa koti. Nilipokuja huku peke yangu watu wakagundua kwamba sijui kuamua hata kona ipigwe na nani. Wewe unasema ulikuwa nyuma yangu. Mimi nasema sikuwahi kuwa na mahali pasipo na wewe.

Sawa. Nimeandika yote. Sehemu ya tatu inasema hivi, usije ukasema hukuonywa:

"Mimi niliyeandikwa kocha sikuwa kocha. Kocha alikuwa kaka yangu Belarmino Pires. Alifundisha, alipanga kikosi, aliamua mabadiliko. Mimi nilisimama. Tarehe 13 Machi 1994, tulipocheza na Pinhal da Torre, beki wetu wa kushoto Amílcar Vaz alianguka. Kaka yangu aliingia kama mchua misuli, akadhani ameanguka kwa ishara ya ndoo, akampa maelekezo ya kocha na kumwambia inuka. Amílcar aliinuka akacheza dakika tatu kwa mguu uliovunjika. Mimi nilikuwa mstarini. Niliona mguu umepinda. Nilinyamaza kwa sababu hakuna aliyenivuta koti."

Mistari kumi na miwili, kama ulivyosema. Sahihi yangu iko chini. Ipeleke, ichome, itundike kanisani. Fanya unavyotaka. Siku zote ndivyo ilivyokuwa.

Mdogo wako,
Valdemar

*

Urzedo, 14 Juni 1999

Ndugu yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Kikohozi kimekwisha. Habari ya kufukuzwa kwako niliisoma kwa kinyozi mwezi Aprili, na nilipaswa kukuandikia siku ile ile. Sikuandika kwa kuwa nilikuwa nangoja barua yako kwanza, kana kwamba zamu ya kuandika ni sheria. Naomba radhi.

Tamko limefika salama. Nimelisoma mara moja tu, nikiwa nimesimama. Uliyoyaandika juu ya Amílcar ni sahihi, na sikuombi uyafute. Jambo moja ulikuwa hulijui, nami ninaliongeza kwa ajili ya ukamilifu: yeye aliniambia. Nilipopiga magoti alisema, "Kocha, mguu umekatika." Nilidhani anacheza sehemu yake vizuri. Nikamkamulia sponji usoni, nikasema, "Inuka, sogea hatua tatu kushoto." Nimeyasikia maneno hayo kila siku kwa miaka mitano. Sikuwahi kumwambia mtu.

Kwa kuwa jina lake limo, niliona si haki karatasi iende ofisini kabla yeye hajaiona. Alhamisi nilimpelekea mkahawani kwake. Alikuwa anafuta mashine ya kahawa. Aliisoma huku ameegemea kaunta, mguu mbaya umepumzishwa juu ya kreti la bia.

"Hapa ameandika nilianguka," akasema. "Sikuanguka. Nilivunjwa na lile jitu lao kama ng'ombe."

"Tunaweza kumwomba arekebishe."

"Aa, acha. Imeandikwa vizuri. Sijui kama Valdemar anajua kuandika hivi." Akanipa kahawa bila kuniuliza. "Kwa hiyo ukiipeleka, unakuwa kocha?"

"Ninapokewa kwenye kozi. Baada ya kozi, ndiyo."

"Kocha kwa karatasi. Mzee Belarmino amesimama mstarini! Nitakuja kukutukana mwenyewe, kila Jumapili, bure." Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaacha kucheka. "Na yeye Valdemar anasemaje?"

"Ametia sahihi. Amekwisha kubali."

Amílcar aliifuta kaunta mahali palipokuwa pasafi.

"Mimi nami niliinuka, kocha. Uliposema inuka niliinuka. Hukuniuliza naumia wapi."

Nililipia kahawa, akanirudishia sarafu zangu, nikaondoka.

Ijumaa nilipanda basi la asubuhi hadi makao ya Chama. Nilivaa suti ya mazishi ya mama. Karani pale ni Bi Graciete, mwanamke mwenye adabu, anayesoma karatasi hadi mwisho kabla ya kuipiga muhuri. Alilisoma tamko, akanitazama, akaenda kufunga mlango.

"Bwana Pires, huyu ni nani wako?"

"Ni mdogo wangu."

"Anajua alichokiandika? Hii nikiipiga muhuri leo, wewe unapokewa. Hilo halina shaka, kifungu kiko wazi. Lakini karatasi hii hii inakwenda kwenye kamati. Amekiri kwamba kazi ya kocha hakuifanya yeye, misimu mitano. Diploma yake itazuiwa miaka miwili kwa uchache. Hataruhusiwa kufundisha hata timu ya mapadri."

"Hakuna namna nyingine?"

"Namna ipi? Ukweli ukiingia mlango huu, unaingia wote." Alinirudishia karatasi. "Una muda hadi tarehe ishirini na tano. Mimi leo sikukuona."

Nilirudi nayo mfukoni. Kituoni nilinunua gazeti, na ukurasa wa nne nikakuta kwamba klabu moja ya visiwani imekutaja miongoni mwa makocha watatu inaowafikiria kwa msimu mpya. Labda unalijua hilo. Labda hulijui, hukulitaja katika barua yako, nami sijui ulikuwa na hali gani ulipotia sahihi. Nadhani ulikuwa peke yako mno. Ninaitambua hali hiyo. Huku nayo ipo, na mtu aliye ndani yake hutia sahihi mambo mengi ili tu barua ipate kwenda na nyingine irudi.

Jana nilitoa sanduku la nakala. Kila barua niliyokuandikia tangu 1971 niliiandika mara mbili, moja ya posta na moja ya kuhifadhi, kama ipasavyo. Nilizisoma kuanzia asubuhi hadi wakati wa chakula cha jioni. Mwandiko unaridhisha na hoja zimepangwa vizuri. Katika miaka ishirini na minane, maswali niliyoyakuta ni ya afya tu, ambayo adabu huyadai. Mengine yote ni maelekezo. Nilitafuta hata moja ambayo nimekuuliza unataka nini, nikidhani labda nimeiruka. Haimo.

Kwa hiyo barua hii ninaiandika ili kuuliza. Mimi ninalolitaka unalijua, nami sitalirudia wala kulitetea, maana nikilitetea nitashinda. Kwenye karatasi siku zote nakushinda, na huo si ushindi ninaoutafuta safari hii. Wala usiniulize ningefanya nini kama ningekuwa wewe. Sitakujibu.

Nikiliwasilisha tamko, nitaingia kozini mwezi Julai, nawe utakaa miaka miwili nje. Nisipoliwasilisha, utabaki na diploma yako, na visiwa, ikiwa watakuita. Nami mwezi Septemba nitasimama nyuma ya uzio, na hakutakuwa na mwaka mwingine. Katika hali zote mbili mlango wa nyumba hii ni wako, chumba chako kina kitanda na kitanda kina shuka, na hilo si sehemu ya hoja.

Karatasi iko kwenye droo ya meza ya jikoni, haijakunjwa. Posta ya kutoka kwako huchukua siku nne. Ofisi ya Bi Graciete hufungwa Ijumaa, tarehe 25, saa sita mchana, na basi la kufika huko huondoka hapa saa mbili asubuhi. Nitakuwa kituoni nikiwa na karatasi. Kama hadi saa hiyo hakuna neno kutoka kwako, sitapanda.

Ninakuomba uamuzi wako: niliwasilishe tamko hili, au nisiliwasilishe?

Kaka yako,
Belarmino